Waliowatangulia Wainka

Ukimwambia mtu unakwenda Peru, swali la kwanza ni Machu Picchu, magofu ya Wainka milimani. Si ajabu, picha zake ziko kila mahali. Lakini dola ya Wainka, ile iliyotandaa kutoka Ecuador ya leo mpaka Chile, ilidumu kwa takriban miaka mia moja tu. Ilianza kujitanua katikati ya miaka ya 1400, na mwaka 1532 Wahispania wa Francisco Pizarro wakamkamata mfalme wake, Atahualpa, mjini Cajamarca. Majeshi ya Wainka yalipofika pwani ya kaskazini, yalikuta mji wa udongo mkubwa ajabu, mifereji ya maji iliyovuka jangwa, na piramidi ambazo waliozijenga walikuwa wamekwisha kuzihama zaidi ya miaka mia sita kabla.

Hao waliotangulia ndio niliokwenda kuwaona. Cusco, mji mkuu wa Wainka, niliiacha nje ya ratiba kwa makusudi. Tulikuwa kundi dogo, basi dogo moja na dereva mmoja, ila mwongozaji alibadilika kila bonde, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko wote wa waandaaji. Kila mtu alitueleza ardhi aliyozaliwa juu yake.

Tulianzia Caral, bonde la Supe, kaskazini mwa Lima. Barabara kuu ya pwani inakwenda jangwani kwa muda mrefu, kushoto bahari, kulia mchanga, kisha gari linakata kona kuingia bondeni na mara unaona mahindi, pilipili na miti ya matunda. Pwani yote ya Peru iko hivyo. Mkondo wa Humboldt unaleta maji ya baridi kutoka kusini, bahari inajaa samaki, lakini mvua hainyeshi. Kinachowapa watu chakula cha shambani ni mito inayoshuka kutoka milima ya Andes. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina magofu yake.

Caral ilijengwa yapata miaka 2600 kabla ya Kristo, enzi moja na piramidi za Misri. Ruth Shady, mwanaakiolojia wa Peru, alianza kazi katika bonde hili mwaka 1994, wakati wapita njia wengi walikuwa wanaona vilima tu. Alipochimba akakuta piramidi za mawe, viwanja vya mviringo vilivyozama ardhini, filimbi 32 za mifupa ya ndege, na mifuko ya nyavu iliyosukwa kwa nyasi na kujazwa mawe. Mifuko hiyo, ambayo pale wanaiita shicra, ndiyo iliyonishika kuliko piramidi zenyewe. Wajenzi walibebea mawe ndani yake, kisha wakaifukia pamoja na mawe yake katika tumbo la jengo. Nyasi huishi muda mfupi, hivyo mfuko mmoja ukipimwa kwa kaboni unakupa umri wa ukuta karibu sawasawa. Watu wa Caral hawakufinyanga vyungu. Walilima pamba, nyavu za pamba zikaenda kwa wavuvi wa Áspero, ufukweni, na dagaa wakarudi bondeni.

Kijana aliyetuongoza, mwenyeji wa bonde hilohilo, alisema jambo nililolibeba safari nzima. Caral ilisalimika, alisema, kwa sababu haikuwa na dhahabu. Wezi wa makaburi, ambao Peru nzima wanaitwa huaquero, walichokonoa hapa na pale, hawakuona faida, wakaenda zao. Wakaacha mifuko ya nyasi. Nayo mifuko ya nyasi ikatuambia yote.

Nilipofika Trujillo, mji wa pwani ya kaskazini, nilikuwa tayari natazama kila kitu kwa jicho hilo: nani alifika hapa kwanza, mwenye sururu au mwenye brashi?

Nje kidogo ya mji, chini ya mlima mweusi-mweupe unaoitwa Cerro Blanco, kuna piramidi mbili za Wamoche zinazotazamana. Wamoche walitawala mabonde haya kati ya mwaka 100 na 800 hivi baada ya Kristo. Hawakuwa na maandishi. Walikuwa na wafinyanzi, wafua dhahabu, wachimba mifereji, na matofali. Matofali mabichi, ya udongo uliokaushwa juani, si ya kuchoma. Piramidi kubwa, Huaca del Sol, inakadiriwa ilikula zaidi ya matofali milioni 130.

Kwa mbali zote mbili ni vilima. Hili nalisema kwa uzito kwa yeyote anayefikiria kwenda mwenyewe na ramani ya simu: bila mtu wa kukuonyesha, utaona kilima, utapiga picha ya kilima, utaondoka. Huaca de la Luna, ile piramidi ndogo, hata hivyo hairuhusu hilo. Unaingia na mwongozaji au huingii. Wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Moche, kijiji kilichoko palepale chini, mwenye kofia ya jua na fimbo fupi ya kuonyeshea. Hakuanza na michoro. Alitupeleka kwenye ukuta usio na rangi, akachuchumaa, akatuambia tuangalie tofali mojamoja.

Yana alama. Nukta mbili. Mstari. Duara. Watafiti wamehesabu zaidi ya alama mia moja tofauti katika piramidi hizi, na matofali yenye alama moja yamekaa pamoja, safu kwa safu, kila kundi na kipande chake cha ukuta. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kila jamii ilitakiwa kuleta matofali yake kama kodi ya nguvu kazi, na alama ilikuwa hesabu: hawa wameleta, hawa bado. Mama yule akapitisha kidole hewani juu ya duara moja, bila kuligusa, akasema, "Huyu alimaliza zamu yake." Majina ya wafalme wa Moche hatuyajui hata moja. Ila kazi ya watu wa duara tunaijua, na tunajua ilipoanzia na ilipoishia.

Ndani, Huaca de la Luna si hekalu moja. Kila baada ya vizazi kadhaa, vyumba vya hekalu lililopo vilijazwa matofali mpaka darini, na hekalu jipya likajengwa juu na kando yake, likilifunika la zamani zima. Yamekaa kama sufuria zilizofudikizwa moja juu ya nyingine. Kwa hiyo michoro ya ukutani ya ndani haikuona jua wala upepo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Santiago Uceda na Ricardo Morales walipoanza kuchimba mwaka 1991, rangi zilikuwa bado zipo: nyekundu, nyeupe, nyeusi, manjano. Uso unaorudiwa ukuta hadi ukuta, wenye macho ya kukodoa na meno ya chui, wengi wanauita Ai Apaec, mungu mkata vichwa. Kwenye uso wa mbele wa jengo michoro imepangwa ngazi kwa ngazi. Chini kabisa wapiganaji wanawaburuta mateka walio uchi, kamba shingoni. Juu yao kuna watu walioshikana mikono, wanacheza. Juu zaidi, viumbe vya kutisha vyenye visu.

Nilikuwa nikingoja kuona kama mama atapunguza makali. Mara nyingi waongozaji hufanya hivyo. Mgeni amelipa, hutaki arudi hotelini na huzuni. Yeye hakupunguza. Alitupeleka mpaka kwenye kiwanja kidogo chenye mwamba, ambapo mwaka 1995 mwanaakiolojia Steve Bourget alikuta mifupa ya vijana wa kiume kwa makumi, shingo zimekatwa, baadhi wakiwa na mivunjo ya zamani iliyokwisha kupona, ishara ya watu waliowahi kupigana vita. Baadhi yao walilala ndani ya tope lililokauka. Tope, katika jangwa. Maana yake waliuawa wakati wa mvua kubwa, na mvua kubwa hapa ina sababu moja: El Niño.

Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyekuwa na akili zake mwaka 1997 na 1998 hahitaji maelezo. Mvua zile zilizobomoa madaraja na kufunga barabara zetu, hapa nako mwaka uleule zilikuwa zinabomoa. Mwaka 2017 maji yaliingia Trujillo mjini. Bahari inapata joto, dagaa wanatoweka, na mbingu ambayo haijui kunyesha inafunguka juu ya mji uliojengwa kwa udongo usiochomwa. Nilisimama mbele ya kile kiwanja nikijaribu kuwahukumu makuhani wa Moche, na hukumu ilikuja bila taabu, kwa sababu vijana wale walikuwa watoto wa watu. Lakini hofu yao niliielewa pia. Kila kitu walichokuwa nacho kiliweza kuyeyuka.

Kutoka juu ya Huaca de la Luna unaiona Huaca del Sol ng'ambo ya bonde, na unaona kwamba imekatwa. Upande mmoja haupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 Wahispania waliokuwa wakitafuta dhahabu walichoka kuchimba kwa mikono, wakaugeuza mto Moche uipige piramidi mpaka iporomoke. Sehemu kubwa ya jengo, inakadiriwa theluthi mbili, ilikwenda na maji. Walipata walichopata, wakakiyeyusha. Katika safari nzima hakuna kitu kilichoniuma kama kukatwa kule, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuyasoma matofali. Yale yaliyosombwa nayo yalikuwa na alama.

Chan Chan, upande wa pili wa Trujillo, ni ya wakati wa baadaye na watu wengine, Wachimú. Ilikuwa makao yao makuu kuanzia miaka ya 800 au 900 mpaka Wainka walipowashinda karibu na mwaka 1470. Eneo lake ni kilomita za mraba 20 hivi, na hakuna mji wa udongo unaoizidi ukubwa katika bara zima la Amerika. Unatembelea kasri moja tu, Nik An, na inatosha: kuta ndefu zilizokupita kimo mara kadhaa, na juu yake nakshi za samaki, ndege wa baharini na matundu ya nyavu, zimechongwa kwenye udongo. Ni mji wa watu waliojua kabisa wanakula nini. Mwaka 1986 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka huohuo ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mapaa ya kujikinga yamejengwa juu ya nakshi na mafundi wanapaka kuta udongo mpya, lakini ukitembea kati ya kasri na kasri unaona nyingine zimelainika mpaka zimekuwa matuta. Wainka walimchukua mfalme wa Chimú wakampeleka Cusco, na wafua dhahabu wake pia. Dhahabu nyingi iliyowapumbaza Wahispania kule Cusco ilipitia mikono ya mafundi wa huku.

Jioni hiyo tulikwenda Huanchaco, ufukweni, kuwatazama wavuvi wanaotumia bado vyombo vya matete ya totora, vyenye pua iliyochongoka na kupinda juu. Mvuvi hupiga magoti juu yake au hukaa kama aliyepanda punda. Vyombo vya namna hiyo vimo kwenye vyungu vya Wamoche. Matete wanayapanda wenyewe kwenye madimbwi karibu na bahari.

Kaskazini zaidi, kwenye bonde la Chicama, kuna magofu ya El Brujo. Upepo pale haupumziki. Katika eneo hilohilo kuna Huaca Prieta, kilima cha kijivu kisicho na mvuto wowote wa macho, ambako Junius Bird alichimba miaka ya 1940 na ambako baadaye vilipatikana vipande vya kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya nili, vyenye umri wa miaka 6,000 hivi. Watalii wengi hawakiangalii. Wanakwenda moja kwa moja Huaca Cao Viejo, kwa sababu ya mwanamke.

Hadi mwaka 2006, alipotangazwa kwa dunia, simulizi ya Moche ilikuwa simulizi ya watawala wanaume. Wanawake waliojulikana kwa heshima walikuwa makuhani. Kisha kikosi cha mwanaakiolojia Régulo Franco kikafungua furushi zito la vitambaa, tabaka juu ya tabaka, wakamkuta msichana wa miaka ishirini na kitu aliyekufa karibu na mwaka 400. Ngozi ilikuwa ipo. Mikononi alikuwa na chale za nyoka na buibui. Alizikwa na taji, hereni za pua za dhahabu na fedha, sindano na vifaa vya kufumia, na pia marungu mawili ya vita na vijiti vya kurushia mikuki. Kando yake alilazwa binti mdogo mwenye kamba shingoni. Mwili wa bibi huyo, Señora de Cao, ulionyesha kwamba alikuwa amezaa.

Mwongozaji wa pale alikuwa binti wa chuo, mkali kwa upole, na aliposema neno "mtawala" alilisema akitutazama mmojammoja. Mzee mmoja katika kundi letu akauliza kama marungu yale hayakuweza kuwa ya mumewe. Binti akamjibu kwamba yalikuwa ndani ya furushi lake, pamoja naye, chini ya kitambaa kilekile, na hakuna mume kaburini. Basi. Jibu zima lilikuwa mahali vitu vilipolala. Mwizi angefika kwanza, taji lingeuzwa huku na marungu yangeuzwa kule, na mwanamke angebaki mifupa iliyotupwa kando ya shimo. Nasi tungeendelea kusema kwamba wanawake hawakutawala Moche, na tungelisema kwa uhakika kabisa.

Kijiji cha Sipán, kaskazini zaidi, ndipo jambo hili lilipokaribia kuharibika lote. Mwezi Februari 1987, wachimbaji wa kijiji walitoboa kaburi moja katika Huaca Rajada, piramidi iliyomomonyoka katikati ya mashamba ya miwa, wakaanza kutoa dhahabu kwa mifuko. Habari zikavuja, polisi wakavamia, na Walter Alva, aliyekuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Brüning mjini Lambayeque, akaitwa kuangalia kilichokamatwa. Mmoja wa wachimbaji alipigwa risasi na polisi akafa. Alva akaenda na wenzake wachache, wakapiga kambi juu ya piramidi, huku wanakijiji waliowaona kama wezi wapya wakizomea kutoka chini. Hasira ile naielewa. Walikuwa maskini, na mtu wa mjini alikuwa amekuja kuwaambia kwamba kilicho chini ya miguu yao si chao. Alva alifanya jambo la busara: aliwaajiri baadhi yao wachimbe naye. Miezi michache baadaye, pembeni ya shimo la wezi, wakafikia kaburi ambalo hakuna aliyeligusa.

Juu alilazwa mlinzi aliyekatwa miguu. Chini yake, jeneza la mbao lililofungwa kwa shaba, na ndani yake mtu anayeitwa leo Señor de Sipán, pamoja na wanaume, wanawake, mtoto, mbwa na llama wa kumsindikiza. Shingoni alikuwa na mkufu wa karanga, kila karanga kubwa kuliko ya kweli: kumi za dhahabu upande wa kulia, kumi za fedha upande wa kushoto. Mpangilio huo ulijirudia mwilini, dhahabu kulia, fedha kushoto. Hapo ndipo mwanaakiolojia Christopher Donnan na wenzake, waliokuwa wamekusanya kwa miaka mingi picha za michoro ya vyungu vya Moche, walipotambua mavazi. Katika michoro hiyo kuna sherehe moja inayorudiwa: mateka wanakatwa shingo, damu inakingwa, na bwana mwenye taji la mwezi mchanga anapokea kikombe. Wengi walidhani ni hadithi za miungu. Mtu wa Sipán alikuwa amevaa taji lile, hereni zile na bamba lile la kiunoni. Sherehe ilikuwa ya kweli, na aliyelala pale alikuwa mmoja wa waliokipokea kikombe.

Bamba la namna hiyohiyo kutoka kaburi lililoporwa lilikamatwa mwaka 1997 na wapelelezi wa FBI wa Philadelphia, waliojifanya wanunuzi. Lilikuwa linauzwa dola milioni 1.6. Mwaka uliofuata likarudishwa Peru. Ni zuri sana. Lakini alilivaa nani, alilala na nani, alikuwa na umri gani, mkono wake wa kulia ulishika nini? Hayo hayarudishwi na ndege.

Túcume nitaipita haraka, ingawa haistahili: piramidi 26 za udongo zimeuzunguka mlima mmoja, ya Huaca Larga peke yake ina urefu wa mita 700 hivi, na Thor Heyerdahl, mvumbuzi wa Norway, aliifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Panda kilimani jua likiwa limepungua, uzione zote kwa pamoja. Mbwa wasio na manyoya, ambao wamo pia kwenye vyungu vya kale, watakufuata.

Kwa anayepanga kwenda: mabasi ya usiku kutoka Lima mpaka Trujillo ni mazuri, na kutoka Trujillo mpaka Chiclayo, mji ulio karibu na Sipán, ni saa chache. Ukiwa Trujillo siku ya Jumatatu ulizia shámbar, supu nzito ya ngano na nyama ya nguruwe, kama unakula. Karibu na magofu kuna mtu atakayekusogelea na chungu kilichofungwa kwenye gazeti, akinong'ona kwamba ni cha kweli. Kama ni cha kweli, kimetoka kaburini na ni kosa la jinai kukinunua. Kama si cha kweli, wafinyanzi wa Moche wanauza vizuri zaidi, mchana kweupe, na jina lao limo chini yake. Mwambie mwandaaji mapema kwamba unataka mwongozaji wa kijiji kilekile, hata kama Kiingereza chake ni kidogo.

Na usikubali ratiba inayoanza na jumba la Tumbas Reales la Lambayeque, lililofunguliwa mwaka 2002, ambako dhahabu ya Sipán imewekwa. Karibu kampuni zote zinaanza hapo, kwa kuwa lina kiyoyozi na liko karibu na hoteli. Nenda kwanza Huaca Rajada, usimame ukingoni mwa shimo, uhesabu kina chake, uone mlinzi alilala wapi na bwana wake wapi. Jumba la makumbusho liwe alasiri.